Ratiba ya Mwezi wa Nane

4 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na natumaini nawe hujambo. Mgongo wa baba umepoa na ameanza tena kuinamia baiskeli za watu pale kibarazani, ingawa mama anamkataza. Mama yuko zamu ya asubuhi zahanati mwezi huu wote. Kitinda mimba wetu ameng'oka jino la pili la mbele, na sasa kila akiongea anapiga mluzi bila kutaka. Halafu akigundua tunacheka, anapiga kwa kutaka.

Barua yako niliipata Jumatatu, pamoja na ratiba ya chuo uliyoikunja ndani. Baba alisema dada yake angepiga simu tu, mambo yangekwisha kwa dakika mbili. Mama akamwambia amesahau kwamba binti yake akiwekewa simu sikioni anakuwa kama aliyemeza ulimi. Baba akasema haya, acheni watu wa posta nao wapate kazi.

Ratiba nimeisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayokataza watu kubandika vitu juu ya kioo cha ubao. Nilidhani chuo kikuu ni kusoma tu. Kumbe kuna mhadhara wa nyuki, kuna kwaya, kuna mbio za wafanyakazi waliozidi miaka hamsini, na Idara ya Udongo inakaribisha watu wote waje kutazama mashimo iliyochimba. Hilo la mashimo nimelisoma mara mbili. Sijawahi kusikia mtu akialika wageni kuja kuona shimo.

Lakini kosa lako nimelishika. Umeandika kwamba chama cha wapiga picha kitakutana Jumanne tarehe 31 Juni. Nilihesabu kwa vifundo vya ngumi, nikarudia, na Juni ina siku thelathini tu. Ndipo nilipokumbuka mchezo wako wa zamani, nilipokuwa darasa la kwanza, ulivyokuwa unaniandikia sentensi na kuficha kosa moja ndani, na nikilipata unanipa karanga. Basi nadai karanga yangu.

Umeuliza kuhusu fomu ya kuthibitisha nafasi yangu. Iko mezani. Inatakiwa kuwa na muhuri wa posta usiozidi tarehe 29 Agosti, kwa hiyo bado kuna muda.

Mimi bintiyo.


15 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mwambie kaka yangu kwamba mgongo haukarabatiwi kama baiskeli, amsikilize mkewe. Na huyo mwenye mapengo mwambie atunze mluzi wake mpaka nije.

Hilo la tarehe 31 umenishika. Karanga yako iko salama.

Unauliza kama kuandaa ratiba ni kazi ngumu. Huulizi, lakini naona unataka kuuliza. Kila idara na kila chama wananiletea kikaratasi: shughuli gani, siku gani, chumba gani. Wengine wanaandika nyuma ya risiti. Mimi navipanga kwa tarehe, natazama kama kumbi hazigongani, naandika nakala moja kwa penseli, halafu inakaguliwa kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Zamani tulikuwa tunakagua wawili. Bwana Mkasi alisoma vikaratasi kwa sauti, mimi nikafuata kwenye nakala kwa kidole. Miaka kumi na tisa tulifanya hivyo kila Alhamisi, na tuligombana kila Alhamisi, maana alikuwa anasoma kama mtu anayefukuzwa. Alistaafu mwezi wa pili. Sasa najisomea mwenyewe.

Nitakwambia jambo kwa sababu sitaki uje kulisikia kwa wengine. Siku ya mapokezi ya wanafunzi wapya, kila mmoja anasimama, anashika kipaza sauti, anasema anaitwa nani, ametoka wapi na amekuja kusoma nini. Ni nusu dakika kwa mtu. Ukumbi unachukua watu mia nne.

Nafasi uliyopata, ya masomo ya kilimo, ni watu thelathini tu wanaoipata. Jaza fomu.

Shangazi yako.


28 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo sote. Mama amehamia zamu ya jioni, kwa hiyo mimi ndiye ninayepika, na baba anakula kwa adabu sana, jambo linaloniambia kuwa chakula si kizuri.

Ratiba ya Julai nimeipata. Safari hii umeweka matatu. La kwanza, kwaya na mtihani wa marudio viko ukumbi mmoja saa ileile. La pili, umeandika mbio za wafanyakazi zitaanza saa nane na kumalizika saa saba. Hao wazee wana kasi. La tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote: mdahalo wa wanafunzi utafanyika kwenye chumba cha kusomea kimya cha maktaba. Nilimsomea baba, akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Alisema hata alipokuwa mdogo, dada yake alikuwa na utani wa kutocheka mwenyewe.

Kuhusu hicho kipaza sauti, ahsante kwa kuniambia.

Sikuwahi kukuandikia kilichotokea siku ya kumaliza shule. Mwalimu wetu wa darasa alinichagua nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wenzangu, kwa sababu insha zangu zilikuwa nzuri. Nililiandika, nikalikariri kwa wiki mbili. Siku yenyewe nilisimama mbele ya wazazi wote, nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nilisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe mwalimu akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga makofi, wengi wakidhani nimemaliza. Mzazi mmoja alinishika mkono mlangoni akanipongeza kwa hotuba fupi.

Mama na baba hawajanitajia jambo hilo mpaka leo. Kwa hiyo fomu iko mezani.

Bintiyo.


10 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua hii ni fupi na maandishi yangu ni makubwa, samahani kwa kumaliza karatasi.

Mkutubi hakusema nami kwa siku mbili. Watu hamsini walimwingilia chumba cha kimya wakitaka viti vya mdahalo. Leo asubuhi amenisalimu, kwa hiyo yameisha.

Hiyo siku ya makofi, nimeisoma na nimeiweka. Sitaitania.

Nakutumia nakala ya penseli ya mwezi wa nane, kabla haijachapwa. Nakuomba uisome vizuri kama ulivyosoma hizo nyingine, uniandikie haraka unachokiona. Inakwenda kwa mpiga chapa tarehe 25. Humo utaona Siku ya Wageni, ambapo wanafunzi wapya wanaletwa na wazazi wao kuona chuo. Ningefurahi uje na baba yako.

Nakuomba.

Shangazi.


2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi nyumbani, na kitinda mimba alipata homa siku tatu, sasa amepona na anadai mayai kila asubuhi kama mgonjwa.

Siku ya Wageni hatutaweza kuja. Baba ana baiskeli nyingi.

Ratiba nimeisoma. Safari hii umeficha vizuri, sikuona kosa lolote.

Bintiyo.


11 Agosti

Chiriku,

Natumaini mtoto amepona na nyumba nzima haijambo.

Juzi Jumamosi, tarehe 9, saa mbili asubuhi, mlinzi wa geti alinitumia mtu nyumbani. Nilikuta watu zaidi ya arobaini wamesimama nje. Wengine walikuwa wamesafiri tangu jana yake. Kulikuwa na baba mmoja aliyevaa suti, na binti zake wawili wamevalishwa viatu vipya ambavyo walikuwa wameshavivua. Kila mmoja alikuwa na ratiba mkononi, na ratiba inasema Siku ya Wageni ni tarehe 9. Siku ya Wageni ni tarehe 16. Kumbi zote zilikuwa zimefungwa, na hata maji ya kunywa hayakuwapo.

Mlinzi akaniambia, mama, hawa ni wageni wako. Nikasema ni kweli, ni wangu. Niliwatembeza mwenyewe, mabweni kwa nje, maktaba kwa nje, maabara kwa nje. Mtaalamu mmoja wa udongo alikuwa kazini, akatufungulia, akatuonyesha vichupa vyao vya udongo. Yule baba wa suti alinishukuru. Wengine hawakunishukuru, na wana haki.

Leo mkuu wa ofisi ameniita. Nimemwambia kosa ni langu. Akauliza limetokeaje, na nimemwambia. Sasa nakwambia na wewe.

Sikuwa nacheza, mwanangu. Hata ile tarehe 31 haikuwa mchezo. Tangu mwezi wa pili jicho la kulia linaona kama kuna moshi, na la kushoto limeanza kulifuata. Ile kumi na sita niliisoma kwenye kikaratasi cha mtu mwenye mwandiko mbaya, nikaandika tisa niliyodhani naiona. Ulipodhani nakupima, niliona ni njia nzuri ya kupata macho bila kuomba macho. Nilikosea hapo.

Uliniandikia kwamba hukuona kosa lolote. Nauliza mara moja tu, na jibu lolote nitalipokea. Kweli hukuona?

Shangazi yako.


17 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Niliona.

Niliona siku ileile nilipoipata, tarehe 19 Julai, kabla hata sijakaa. Kwenye barua yangu ya kupokelewa chuoni imeandikwa tarehe 16, na wewe umeandika tarehe 9. Nilidhani umeiweka makusudi, ili nikitaka kusahihisha nilazimike kuzungumzia Siku ya Wageni, na nikiizungumzia nilazimike kusema kama nakuja. Nikasema moyoni, safari hii sinaswi. Nikakaa kimya mpaka tarehe 25 ikapita, halafu nikakuandikia uongo. Ulikuwa umeandika "nakuomba" mara mbili. Hujawahi kuniandikia hivyo, na bado sikuelewa.

Nimewafikiria sana wale wasichana wawili na viatu vyao.

Nimewasomea baba na mama barua yako yote, na ya kwangu pia, ile ya tarehe 2. Baba alitoka nje akakaa na baiskeli ambayo haikuwa na ubovu. Alikasirika nami, lakini nadhani alikasirika zaidi kwa kuwa hukumwambia. Mama alikuwa mtulivu kama akiwa kazini. Anasema kwa unavyoeleza, huenda ni mtoto wa jicho, na hospitali ya huku inatoa, mtu anarudi nyumbani siku ileile. Anasema uje hata kesho.

Mimi nimeamua. Leo nimejaza fomu. Nitakuja chuoni, na kila Alhamisi nitakusomea vikaratasi kwa sauti, polepole, si kama Bwana Mkasi. Mahali palipoandikwa sababu ya kuchagua chuo hiki nimeandika kwamba ni kumsaidia shangazi yangu. Kesho naipeleka posta.

Nisamehe.

Bintiyo.


22 Agosti

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na nasoma polepole siku hizi. Nami unisamehe. Mtu mzima akimwachia mtoto kazi bila kumwambia kuwa ni kazi, kosa haliwi la mtoto peke yake.

Kaka yangu ameshanipigia simu. Amenifokea dakika nne, halafu akauliza nitapenda mto mgumu au laini. Nitafika kwenu Jumapili tarehe 14 Septemba, na Jumanne mke wa kaka, yaani mama yako, atanipeleka hospitali. Ratiba amepewa karani mwingine, kijana makini, ana macho mawili mazima na anaandika namba kama zimepigwa chapa. Mkuu anasema nikipona nitarudi, na tutakagua wawili. Kwa hiyo hakuna Alhamisi inayokungoja.

Kama hujaipeleka hiyo fomu, usiipeleke kwa ajili yangu. Mimi nitapona au sitapona, na wewe utakuwa umekaa miaka minne mahali ambapo hukutaka kukaa, ukinitazama kama mtu anayelipa faini. Sitaki kuwa sababu yako ya kuja, kama ambavyo sitaki hicho kipaza sauti kiwe sababu yako ya kutokuja. Tafuta yako mwenyewe. Ukiikosa, baki nyumbani, hakuna atakayekucheka, na mimi wa kwanza sitacheka.

Nikifika huko nitalala kwenye kitanda chako kama kitakuwa wazi. Kama hakiko wazi nitalala sebuleni, na sitasema neno.

Shangazi yako akupendaye.


17 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba, shikamoo na wewe unayesoma. Mama alinitumia ujumbe wa simu jana jioni kwamba jicho limefungwa na kwamba wewe ndiye msomaji mpaka litakapofunguliwa, kwa hiyo nakuomba usome yote, usiruke mahali, na usiongeze maneno yako katikati.

Natumaini jicho halikuumi na kitanda kinakufaa. Ukisikia ubao unalia upande wa ukutani, si kitu, umekuwa hivyo tangu zamani. Tulipishana njiani Jumapili. Nilikuwa natazama kila basi lililokuja upande wetu, kama vile ningeweza kukuona.

Fomu sikuipeleka ile tarehe 18. Nilifika mpaka kwenye dirisha la posta nikarudi nayo. Barua yako ilipokuja nikaelewa kwa nini nilirudi. Nikakaa nayo siku mbili. Nilikata kwa rula ile sababu niliyoandika, na juu yake nikaandika kwamba nyuma ya nyumba yetu kuna kipande ambacho mahindi yanakataa kuota, na hatua sita tu kutoka hapo yanaota vizuri, na nimeuliza watu wengi na kila mmoja ananipa jibu lake, nami nataka kulijua la kweli. Ilionekana chafu, na mkato katikati, lakini fomu ilikuwa moja. Niliipeleka tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri. Karani wa posta aliangalia tarehe, akaniangalia mimi, akagonga muhuri kwa nguvu.

Bweni letu lina vitanda vinne. Wenzangu watatu wanaongea sana, jambo zuri, kwa sababu hakuna aliyegundua bado kwamba mimi siongei.

Mapokezi yalikuwa jana. Nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango. Sikujua kwamba wangeanzia nyuma. Nilikuwa mtu wa tano. Nilipopewa kipaza sauti, palepale nikajua kuwa itakuwa kama siku ile ya makofi, kwa sababu ilianza hivyohivyo, mdomo wazi na kimya. Nilihesabu moyoni. Nilifika saba. Halafu nikasema ninaitwa nani, na nimetoka wapi, na kwamba nimekuja kusoma udongo.

Nilikuwa naanza kukaa. Mtu mmoja upande wa mbele akageuka, hakuwa na ubaya wowote usoni, akasema, "Dada, hatujasikia."

Ningeweza kukaa, shangazi. Yule wa sita alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Nikarudia.

Bintiyo.